Amina Iliyonifuta Kazi

Nilikuwa nimeinama juu ya beseni, nanyunyizia maji mahindi ya mama mmoja, mwenye mashine aliponiita stoo. Miaka mitatu nilikuwa nimewakobolea watu muthokoi, mahindi yaliyotolewa maganda, pale sokoni Tulia. Ukitia maji mengi, mahindi yanatoka kama uji. Ukitia machache, yanavunjikavunjika. Mimi nilikuwa nauma punje moja tu, najua. Hakuna aliyenifundisha.

Mwenye mashine ni mzee wa kanisa letu pia. Alifunga mlango, akavua kofia, akasema, "Tuombe." Nikavua yangu. Kwetu mtu akisema tuombe, huulizi ni kwa nini. Tunaomba kabla ya chai, kabla ya mkutano wa kisima, hata kabla ya kumchinja kuku wa wageni.

Aliomba mvua. Akawaombea wagonjwa. Kisha akasema, "Na huyu kijana wako, Bwana, tunapoachana naye leo, mfungulie mlango mwingine." Maneno niliyasikia, lakini kichwa changu hutembea polepole, na mdomo ulikuwa umeshazoea. "Amina," nikasema, tena kwa nguvu, kwa sababu yeye hunikemea kwamba naitikia kama mtu aliyelala njaa.

"Haya, lete funguo," akasema.

"Funguo za nini, mzee?"

"Si tumeomba?"

Nje, mtoto wa dada yake alikuwa ameshavaa koti langu la kazi. Halikumtosha hata mabegani. Yule mama wa mahindi alinitazama, akatazama beseni, asijue amwambie nani aendelee.

Nyumbani nilimweleza nyanya. Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa, shambani kulikuwa na mabua tu, na sufuria yake ilitegemea mashine ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ukasema nini?"

"Amina."

"Na kama angeomba ufe?"

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Ungesema Amina, mjinga wewe, halafu sisi tutafute jembe la kukuzika." Akacheka peke yake. Kisha akafunua mkebe wa unga, akachungulia ndani, kicheko kikaisha.

Nilikwenda Migwani kutafuta kazi. Mtu mmoja mwenye mashine alimpigia simu yule mzee mbele yangu, akaweka spika. "Huyo kijana ni mzuri sana," sauti ikasema, laini kama ya Jumapili. "Aliondoka kwa amani. Tuliomba pamoja, akaitikia mwenyewe."

Kama angesema mimi ni mwizi, hasira yangu ingekuwa ndogo. Mwizi angalau hufukuzwa. Mimi nilifanywa mtu aliyejitoa.

"Unaacha kazi wakati wa njaa kama huu?" mwenye mashine akaniambia. "Hata kwangu si utaacha?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilinifika mdomoni nikiwa nimeshavuka barabara, nikalisema kwa sauti mbele ya mbuzi wawili. Kwenye mashine ya pili ikawa hivyohivyo. Wakati huo Tulia wanawake walikuwa wakinung'unika kwamba muthokoi wa siku hizi ni chakula cha vifaranga, na mzee aliendelea kuongoza maombi.

Kisha nikaenda mbali, Kanyangi. Mashine ilikuwa ya mama mmoja mnene mwenye miwani. Aliniuliza nilikotoka tu, basi. Alinipa debe la mahindi makavu kama changarawe. Niliuma punje, nikanyunyizia maji, nikasubiri wakati wateja wananicheka kwamba nimelala. Muthokoi ulitoka mzima, mweupe. Mama akauchota kwa kiganja, akaupepeta kwa pumzi.

"Nimempigia mzee wako sasa hivi," akasema. "Anasema uliacha mwenyewe."

"Ni uongo." Sauti yangu ilinishtua. "Alinifukuza ndani ya maombi. Nilisema Amina kabla sijaelewa. Sikuacha kazi. Sijawahi kuacha kazi."

Wanawake kwenye foleni walisogea karibu. Mama akavua miwani, akaifuta kwa leso.

"Sawa," akasema. "Tuombe."

Wote wakafumba macho. Mimi nikabaki nimeyafumbua, kofia kichwani.

"Hapana," nikasema. "Niambie kwanza unataka kuomba nini."

Mwanamke mmoja akasema, "Yesu!" Mwingine akaangua kicheko. Mama akavaa miwani, akanitazama, nikaona nimeharibu, na bado sikuivua kofia.

"Nilitaka kushukuru nimepata mtu wa mashine," akasema. "Unaanza leo. Kuna lingine?"

"Hakuna, mama."

Nikavua kofia. Akaomba, sala fupi. Wenzangu walipoitikia, mimi nilikuwa bado nayapitia maneno yake moja moja. Nilipofika mwisho bila kukuta mlango wowote, nikasema Amina, peke yangu, nimechelewa, wao wakiwa wameshaanza kusukumana na madebe yao.