Pia ya Goti la Walubengo

Walubengo ni fundi wa baiskeli hapa Myanga, na kilichomvunja goti ni pikipiki. Alifungwa plasta, akapewa siku ya kurudi ikatolewe. Hakurudi. Watu walikuwa wakimletea kuku na maneno matamu, naye hakuona haraka ya kupona. Plasta ilipotoka hatimaye, mguu ulikuwa mgumu kama mchi na haukunjiki.

Sasa fundi wa baiskeli asiyeweza kuchutama ni fundi gani? Alikuwa akilala chali mchangani chini ya gurudumu, mtu mzima mwenye mke, wateja wakimruka. Wengi walihamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Rosaline, mkewe, akampeleka Kitale kwa daktari wa mifupa, mtu wa Lamu mwenye Kiswahili cha kwao. Daktari akatazama picha, akasema, "Pia ya goti imeshuka." Akaeleza kwamba kano iliyo chini yake imefupika na kuivuta, hivyo atapasua, airefushe kano, pia irudi mahali pake.

Kwa mtu wa pwani, pia ni kile kifuniko cha mfupa mbele ya goti. Kwetu Bungoma, pia ni pia tu. Rosaline alisikia kwamba goti nalo limeshuka, yaani kuna kingine kilichotangulia. Mwanamke mwenye heshima zake hamwulizi daktari mgeni swali kama hilo. Alikuja kuwauliza akina mama wa kanisa.

Kufikia Jumapili Myanga nzima ilijua. Walubengo aliombewa kwa mapana, bila kiungo kutajwa. Wanaume walimsalimia kwa upole wa matangani. Akaapa hapasuliwi ng'o, maana kupasuliwa ni kukiri.

Mimi jirani yao nilikasirika. Mtu apoteze kazi kwa sababu ya neno moja? Nikampigia daktari simu, nikaweka sauti juu dukani kwangu ili wote wasikie. Daktari, mtu mkweli, alieleza vizuri kabisa pia ni nini. Kisha akaongeza, "Huko kwingine sikupima."

Nikakata simu, lakini nilikuwa nimechelewa.

Aliyemaliza mambo ni Rosaline. Alimkuta mumewe amelala chini ya baiskeli, vumbi hadi kwenye kope, akasimama karibu naye mbele ya watu.

"Baba Nekoye, wacha wacheke," akasema. "Mimi sijali. Kama ni kuchekwa, si heri uchekwe ukiwa umechutama kwa kazi yako?"

Akapasuliwa. Baadaye ikawa zamu ya mama wa mazoezi pale hospitalini, aliyemkunja goti hilo bila huruma ili kano isifupike tena. Walubengo, ambaye siku ya kutahiriwa alisimama wima bila kupepesa jicho, alilia akasikika hadi wodi ya wazazi. Alilia, lakini hakukosa hata zoezi moja.

Jana nilimwona amechutama kando ya gurudumu, kiupande kidogo, lakini amechutama. Machozi yalinilengalenga, sitaficha. Nikavuka barabara nimpe mkono. Wazee wawili walikuwa wamenitangulia, magoti yao mazima kabisa, wakimwuliza kwa sauti ya chini huyo daktari wa Kitale hupatikana siku gani.