Sketi ya Kidoti Iliyopunguzwa Mara Tatu

Miaka ishirini na miwili niko nyuma ya cherehani hii, na viuno vya wanawake wa mtaa huu navijua kuliko waume zao. Mtu akiingia tu mlangoni namwambia, "Umeongezeka inchi mbili, usinibishie," na futi inanitoa kimasomaso. Ndiyo maana wakanibandika jina la Jicho. Jicho! Siku hizi wakiniita hivyo natamani ardhi ipasuke.

Naishi na mtoto wa dada yangu, Kidoti, tangu mama yake apate kazi mbali. Ana miaka kumi na saba. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na aliyesema hivyo hakuwahi kulea mtoto mwenye simu. Asubuhi simu, mchana simu, chooni simu. Namwagiza chaki, ananiletea mkasi, macho kwenye kioo cha simu. Akirusha picha mtandaoni anakaa kuhesabu walioipenda. Wakiwa wachache anaifuta, halafu anajifungia chumbani kama mfiwa.

Siku moja alitoka macho mekundu. "Mama mdogo, wameniandikia vibaya. Wanasema nina mashavu kama napuliza puto."

"Nani alikutuma uwape picha yako?" nikamjibu, sindano mdomoni. Akarudi chumbani.

Kisha vikaanza vituko vya chakula.

"Kidoti, njoo ule."

"Nimeshakula, mama mdogo."

"Umekula nini, na sufuria ndiyo kwanza naifunua?"

"Nilikula kwa rafiki yangu."

Rafiki gani, jamani? Shule zilikuwa zimefungwa, na mtoto huyo alikuwa havuki kizingiti! Lakini nilikuwa na sare arobaini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nikaguna, nikaendelea kushona.

Kilichonitia wazimu hasa ni sketi yake ya shule. Alikuja nayo mkononi, yeye amejifunika sweta pana la mama yake, alama za chaki keshaziweka mwenyewe. "Nipunguzie kiuno, inanishuka." Nikajua ni yale yale, kutaka kubanwa kama mabinti wa kwenye simu. Nikafoka, nikapunguza. Mwezi haujaisha, huyo tena. Nikafoka zaidi, nikapunguza. Mara ya tatu nilimsema mbele ya wateja: "Mwaka huu utapata kiuno cha nyigu, na akili ya nyigu unayo tayari!" Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alichukua sketi yake akaondoka. Nami, kama kawaida yangu, nikaandika kipimo na tarehe kwenye daftari.

Jumatatu nikapigiwa simu na mwalimu. Kidoti ameanguka mstarini, yuko zahanati. Nilikimbia na futi shingoni, pochi kwapani.

Nikamkuta kitandani, sweta wamemvua. Mungu wangu! Mikono ile ningeweza kuizungushia vidole viwili. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akauliza, "Alianza kupungua lini?"

"Ni simu, sista!" nikalipuka. "Nimesema mpaka koo limekauka! Mtoto hasikii, hali, halali, simu tu!"

"Simu nimeiona. Nauliza alianza lini."

Daftari langu la vipimo haliachani na pochi. Nikalitoa, nikafunua.

"Tarehe nne mwezi wa pili," nikasoma, "kiuno ishirini na nane. Tarehe mbili mwezi wa tatu, ishirini na sita. Tarehe thelathini mwezi huo huo, ishirini na tatu."

Muuguzi akaviandika vyote kwenye kadi, kisha akauliza, "Nani alikuwa anampima?"

Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi nilikuwa sina hata udhuru huo. Nilipima sketi. Mtoto sikumpima hata mara moja. Nikaona haya, nikaona uchungu, nikamjibu, "Hakuna aliyempima, sista. Mimi nilikuwa napunguza nguo."

Kidoti aligeuza uso akanitazama. Simu ilikuwa mezani, ikitetemeka peke yake, naye hakuigusa.

"Alama za chaki nilikuwa naziweka kubwa, mama mdogo," akasema polepole. "Kila mara nilidhani utaniuliza."