Bwana Magoti na Sanduku la Bibi

Jambo lote lilitugharimu mguu mmoja wa kochi, mifuko kadhaa ya chumvi ya mawe, na miaka kumi na moja ya bibi yangu. Nimehesabu mara mbili, na jumla haibadiliki. Kochi lenyewe lilikuwa la kuokotwa kando ya barabara, kwa hiyo tuliache. Chumvi nayo si kitu. Hiyo miaka ndiyo inayonisumbua, maana mpaka leo sijui niiweke upande wa faida au wa hasara.

Nisingeyakumbuka haya juma hili kama si mama. Mashindano ya sumo ya Januari yameanza huko Japani. Tuko kwenye zile siku za mwanzo ambazo hakuna anayejua lolote, wakubwa wanaangushwa na wadogo wanatamba. Mama yangu, aliyestaafu uuguzi na anayeishi nami hapa Etobicoke, Toronto, amelitoa sanduku la bibi uvunguni na kulifungua karibu na dirisha. Katika familia yetu, sanduku likifunguliwa karibu na dirisha halihitaji maelezo.

Ngoja nianzie mbali kidogo, rafiki yangu. Nimechoka, na mtu aliyechoka hasimulii kwa kukimbia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa ghorofa ya juu katika mojawapo ya yale majengo marefu ambayo korido zake zilinuka chakula cha dunia nzima, pamoja na pafyumu ya mtu mmoja asiyeipenda harufu ya chakula hicho. Mama alifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mchana alilala kama mzigo uliotuliwa. Hakukuwa na wa kukaa nami. Ndipo akaagizwa bibi kutoka Kigoma. Alifika Novemba na viatu vya wazi, sanduku la kahawia, na tiketi ya kurudi mwisho wa Januari.

Bibi alikuwa ameuza dagaa sokoni maisha yake yote. Hesabu yangu ni yake: "Hesabu, kisha hesabu tena kana kwamba aliyehesabu mara ya kwanza alikuwa mwizi." Toronto ilimnyong'onyesha, na si kwa baridi tu. Hapakuwa na mtu wa kupatana naye bei. Tulikwenda dukani, bei imebandikwa, msichana wa kaunta hana hata nafasi ya kutaniwa. "Nchi gani hii," aliniuliza, "mtu anakutajia bei, halafu kweli ndiyo bei?" Akirudi nyumbani alikaa dirishani na koti lake mwilini, akitazama magari yaliyokwenda kusikojulikana. Mimi nilikuwa nikimjibu kwa Kiingereza. Yeye alijibu neno moja tu, "Sikusikii," mpaka njaa ikanifundisha kuomba chapati kwa Kiswahili.

Kisha ikaja ile harufu. Nilitoka shuleni nikamkuta bibi amesimama koridoni, pua juu, macho yamefumbwa. "Dagaa," akasema. "Kuna mtu humu anachemsha dagaa, tena anawachemsha vibaya."

Tuliifuata mpaka mlango uliotazamana na wetu. Akafungua mzee mmoja Mjapani, mfupi, mwenye sweta lililofungwa vifungo vyote. Mkewe alikuwa amekwishafariki, na watoto wake waliishi miji ya mbali. Bibi hakumngoja aulize shida. Alipita moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akapiga yowe. Yule mzee alikuwa amechemsha dagaa kavu, akakinga yale maji kwa ajili ya supu, na dagaa wenyewe wako kwenye pipa la taka!

"Mwambie," bibi akanishika bega, "mwambie anakunywa maji aliyooshea samaki, halafu samaki anamtupa!"

Nilitafsiri nikipunguza makali. Mzee akainama kwa heshima. Bibi akautwaa mfuko wa dagaa uliobaki, akawakaanga kwetu kwa kitunguu na nyanya, akavuka korido na kumwekea mezani. Kuanzia siku hiyo sufuria zilivuka korido kila jioni. Nilimwamkia "Shikamoo," na bibi akamfundisha kuitikia "Marahaba," ambayo aliitamka kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayevuka barafu.

Kwake ndipo tulipoiona sumo. Mechi zilichezwa huku sisi tumelala, naye alizirekodi kwa deki na kuzitazama kesho yake jioni, nilipotoka shule. Mara ya kwanza bibi aliniziba macho. "Wanaume wazima wamepiga ubinda mbele za watu!" Kisha akauacha mkono wake ulegee kidogo. Kisha akakaa kitako. Lililomkalisha ni chumvi. Alimwona mpiganaji akiokota konzi ya chumvi na kuirusha ulingoni kabla ya pambano, akaguna kwa kuridhika. "Hawa wanajua," akasema. Kwao Kigoma chumvi ilifukuza husuda mlangoni. Tena wiki zile alikuwa ameona malori ya jiji yakimwaga chumvi barabarani, na akahitimisha kwamba hata serikali ya hapa inaogopa husuda. Nilimweleza kwamba ni ya kuyeyusha barafu. "Hivyo ndivyo wanavyowaambia watoto," akanijibu. Akaanza kuinyunyiza chumvi ya mawe mbele ya mlango wetu, na wa jirani pia, mpaka msimamizi wa jengo akaja kugomba. Bibi alimpa chai. Msimamizi aliondoka, chumvi ikabaki.

Jirani alinieleza sheria nami nikazipeleka kwa bibi. Siku kumi na tano, pambano moja kwa siku. Anayetoka nje ya duara, au kugusa mchanga kwa kitu kisicho unyayo, ameshindwa. Ukishinda nane umesalimika, ukipungukiwa unashushwa daraja. Akatuwekea na ishara: kiganja kikitazama juu maana yake ameshinda, kikitazama chini ameshindwa. Ndivyo walivyoongea wao wawili bila mimi. Na asiyetokea kwa kuumia, siku hiyo anahesabiwa ameshindwa. Hilo la mwisho halikumfikia bibi, kwa sababu wakati huo alikuwa anagomba kuhusu chai. "Muulize kama amefilisika. Chai haina sukari, haina maziwa, hii ni maji yenye huzuni."

Kulikuwa na jambo moja jirani hakulivumilia. Mpiganaji akiruka kando, mwenzake akapita kwa kishindo na kujiangukia mwenyewe, mzee aliugeuzia uso ukuta. Kwake huo haukuwa ushindi. Mwanamume anapokelewa kifua kwa kifua.

Bibi alimchagua mmoja siku ya kwanza kabisa ya mashindano ya Januari. Hakuwa mkubwa wala maarufu. Alikuwa kikongwe wa mchezo, magoti yote mawili yamefungwa bandeji, anashuka ulingoni upandeupande kama bibi mwenyewe anavyoshuka ngazi. Tulimwita Bwana Magoti. Alisukumwa nje kabla sijakaa vizuri. Jioni hiyo, bibi alilifungua sanduku lake karibu na dirisha, akalaza humo kanga ya kwanza.

"Bibi, usiende."

"Nitakwenda, mke mwenzangu. Tiketi ni ya kwenda na kurudi. Huko kurudi atakwenda nani?"

Unielewe. Bibi akiondoka, mama ingebidi aache zamu za usiku, na hizo ndizo zilizotulipia nyumba. Hayo waliyanong'ona jikoni wakidhani sisikii. Mimi sikuwaza nyumba. Niliwaza kufungua mlango baada ya shule na kukuta kimya.

"Bwana Magoti akishinda nane, ubaki."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba, macho yake yalikuwa ya sokoni. "Kumi na mbili."

"Nane. Wenyewe wanataka nane."

"Wenyewe wana magoti mazima. Kumi, na utaongea Kiswahili hata mbele ya rafiki zako."

"Nane, na Kiswahili."

Alinipima kama anavyopima fungu, juu mpaka chini. "Haya. Wewe ni wetu." Tukapeana mikono. Mama alipoambiwa asubuhi, bado yumo kwenye sare ya kazi, alicheka kidogo, kisha akainamia kikombe muda mrefu kuliko chai iliyokuwemo.

Siku ya pili, kiganja chini. Ya tatu, chini. Ya nne aligusa mchanga kwa ncha ya kidole tu, chini vilevile. Kila kiganja kikiinamishwa, bibi alirudi nyumbani akakunja kanga moja na kuilaza sandukuni, bila uchungu wowote, kama mtu anayefunga hesabu za siku. Jirani nilimwambia habari ya sanduku na ya mapatano yetu pale kwenye lifti. Siku iliyofuata alitia sukari kwenye chai ya bibi.

Siku ya tano Bwana Magoti aliruka kando. Kijana mmoja mnene alimjia kama lori la chumvi, na Bwana Magoti, ambaye sikuwahi kumwona akitoka haraka mahali popote, akawa hayupo alipokuwa. Yule kijana alilala kifudifudi nje ya duara. Bibi aliruka na vigelegele, akarudi kwenye kochi la jirani kwa uzito wake wote, na hapo ndipo mguu wa kochi ulipokwenda.

Jirani alizima televisheni.

"Anasema hiyo siyo sumo," nikatafsiri.

"Mwambie sokoni hiyo inaitwa akili."

"Anasema ulingo siyo soko."

"Mwambie magoti yale yangemfikisha wapi kwa heshima?"

Bibi alirudi nyumbani, akatoa kanga moja sandukuni. Zikabaki tatu.

Siku ya sita, Bwana Magoti hakutokea. Mpinzani wake alipanda peke yake, akainama, akapewa ushindi, akashuka. Jirani alituambia ni goti, na kwamba hatarudi mashindano haya. Bibi alijiweka sawa juu ya lile kochi, ambalo sasa lilisimama juu ya matofali. Kisha akaunyoosha mkono wake mbele ya mzee. Kiganja juu. Kiganja chini. Juu. Chini. Anauliza: huyu asiyekuja, leo anahesabiwaje, na siku zote zilizobaki?

Mimi jibu nilikuwa nalijua. Jirani ndiye aliyenipa. Alinitazama, akatazama sufuria yetu iliyokuwa kwenye jiko lake, kisha akanyoosha mkono wake mkavu. Hakuugeuza juu wala chini. Aliusimamisha ubavu, kidole gumba kikitazama dari. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba kuna mashindano mengine Machi.

Mtu yule, aliyegeukia ukuta kila mara mpiganaji aliporuka kando, aliruka kando mbele ya macho yangu.

"Machi," nikamwambia bibi.

Bibi alifikiri. "Mtu akifunga kibanda kwa ugonjwa," akasema taratibu, "huwezi kusema amepata hasara. Unangoja afungue." Akainuka kwenda kugeuza maharage. Tiketi ikaisha muda wake kwenye mkoba, na mama akaanza kuhangaikia karatasi za ukaazi.

Bibi hakusema hata siku moja kwamba amebaki. Alikuwa anangoja mashindano tu. Na mashindano ya sumo yapo kila baada ya miezi miwili, na mwenye bandeji hakosekani kamwe. Bwana Magoti alipostaafu, akamchagua mwingine anayechechemea. Sanduku lilikaa wazi dirishani na kanga tatu ndani yake. Mimi nilikua, nikaanza biashara ya samani za mitumba, na mpaka leo napatana na watu kwa lafudhi ya Kigoma. Bibi alifariki Februari moja, mwaka wa kumi na moja. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, na tulimlaza hapahapa. Zile kanga bado zilikuwa na mikunjo yake. Mama alilifunga sanduku siku hiyo.

Siku hizi nikipita kwenye lile jengo, korido hainuki kitu. Wameweka mashine za kunyonya hewa. Jirani alihamia kwa binti yake miaka mingi iliyopita, na nyumba yake sasa anakaa kijana anayeletewa chakula kwenye mifuko ya karatasi. Binti yangu anatazama sumo kwenye simu, na ananijibu kwa Kiingereza. Huwa nasema "Sikusikii," lakini sina ubishi wa bibi. Nikitoka kazini nimechoka, nami namsikia.

Sasa mama. Anataka kwenda Kigoma, kwenye kiwanja cha bibi, akakae huko mpaka mwisho. "Nimewaogesha wazee wa watu katika nchi hii," aliniambia. "Mimi sitaki kuogeshwa hapa. Nataka nikitoka nje, mtu aniamkie." Nilifanya ninachokijua. Nilipatana naye. Mpiganaji amchague mwenyewe, nane akae, chini ya nane nimkatie tiketi. Alikubali upesi mno, nikahisi nimepunjwa.

Alimchagua mwenye bandeji. Ameshindwa mechi zote za mwanzo, na kila jioni mama ameongeza kitu sandukuni, juu ya kanga tatu za mama yake. Leo asubuhi mtu wake hakutokea. Ni goti.

Mama hajui sheria ya asiyetokea. Jioni zile zote tulipokuwa kwa jirani, yeye alikuwa amelala, anakusanya nguvu za kwenda zamu. Amekaa sasa hivi mbele yangu mezani. Ameunyoosha mkono, na anaugeuza polepole. Juu. Chini. Juu. Nikimwambia ukweli, anaondoka, nami nitafungua mlango nikute kimya, binti yangu na simu yake tu. Nikiusimamisha mkono wangu ubavu, atangoja Machi, na baada ya Machi atangoja Mei, na najua wanaongoja hivyo tunakwenda kuwalaza wapi.

Mimi nimehesabu mara mbili, na majibu yamekuja mawili. Wewe ambaye si mama yako, hebu nisaidie: kiganja nikiweke vipi?