Niliambiwa Tairi Tu, Nikaipiga Msasa Ndege Nzima

Jina langu sitalitaja. Mkilijua mtanifuata gereji kunitukana. Nimekosea! Nimekosea kwa mikono hii hii inayonilisha, na hasira niliyo nayo sijui niimalizie wapi.

Mimi ni fundi rangi wa magari, Manyoni mjini. Kwetu ni Ihanja. Gari likigongwa linaletwa kwangu. Nanyoosha bodi, napiga puti ya kuziba mabonde, napiga msasa, napulizia rangi mpaka mwenyewe anasahau liligongwa wapi. Hiyo ndiyo kazi. Ugonjwa wangu ni mwingine: vigari vidogo vya mfano. Vya bati, vya mbao, vya kukaa kiganjani. Mke wangu anasema watoto amezaa yeye, ila mwenye midoli ni baba yao.

Wagonjwa wenzangu tupo. Tuna kundi letu la wasapu, na baadhi ya Jumapili tunakutana Singida mjini kwa Bhai Anwar, muuza vifaa vya ujenzi. Yeye vigari vyake vya utotoni bado anavyo, amevipanga kabatini juu ya makufuli na bawaba, na ole wako uguse bila kunawa. Tunakunywa chai, tunatafuna karanga, tunatupiana maneno.

Siku moja nilipeleka lori nililolikata kutoka kwenye debe la mafuta ya alizeti. Bhai Anwar akaliinua, akalitazama usoni.

"Fundi, hili lori lako lina makengeza. Taa moja inaangalia Itigi, nyingine inaangalia Dodoma."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Ndivyo tulivyokuwa. Hakuna aliyenuna.

Isipokuwa mimi, na mimi nanuna kwa mtu mmoja tu. Yupo mwenzetu tunamwita Kapteni. Kupanda ndege hajawahi, lakini mtajie ndege yoyote ya zamani, atakwambia ilikuwa na injini gani na mkia wa namna gani. Anaudhi huyo mtu! Anaongea kama anasahihisha mtihani wako.

Na alikuwepo Elia, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kilimatinde. Huyu alikuwa rafiki yangu. Someni vizuri: alikuwa.

Jumapili moja Elia alikuja na ndege ndani ya boksi la biskuti. Ya mbao na bati, ile ya kizamani yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Aliichonga marehemu baba yake, seremala, kwa kukumbuka tu ndege alizoziona zikitua uwanja wa nyasi alipokuwa kijana. Aliipaka bluu ya madirisha, ile ile iliyobaki kwenye kopo baada ya kazi za watu. Rangi nzito, imechuruzika pembeni, imekauka na matone yake. Tairi moja lilikuwa limeng'oka.

Kapteni akavaa miwani.

"Mwalimu, ndege za namna hii zilikuwa rangi ya fedha. Bluu hii hapana. Hii ni dirisha lenye mabawa."

"Basi tukichoka kuruka tutafungua tupate hewa," Elia akajibu, na watu wakavunjika mbavu. Mwenyewe alicheka kuliko wote.

Kisha akanigeukia mimi. "Kaka, nitengenezee tairi tu. Rangi usiiguse, mama hapendi."

Nikasema sawa. Nilisema sawa, jamani! Nilisikia vizuri kabisa.

Kapteni naye hakunyamaza. "Huyu ataiweza? Amezoea kupaka bajaji."

Watu wakacheka tena. Ulikuwa utani, na mimi nimewatania wenzangu mabaya kuliko hayo. Lakini neno lile lilinikaa kifuani. Mimi! Mimi ambaye magari ya wakubwa yanapita vumbi lote la barabara kuja kwangu! Nilirudi Manyoni nimevimba.

Tairi nililimaliza upesi. Nikatoboa, nikapitisha waya, likazunguka. Hapo ndipo ningefunga boksi nikampigia Elia simu. Sikufunga. Niliigeuza ndege ile juu chini, nikaanza kuikagua kama gari la mteja.

Chini ya tumbo nikaona alama za vidole.

Vilikuwa vinne, vidogo, vimezama kwenye rangi. Mtu aliishika kabla haijakauka. Sasa nielezeeni nyie mnaojua mafundi rangi: hakuna aibu kubwa kwetu kama alama ya kidole kwenye rangi mbichi. Mteja akiiona, unarudia kazi yote. Mkono wangu uliwasha. Nikajiambia mzee wa watu hakuwa na vifaa, hakuwa na kompresa, mwanawe atafurahi kuiona imekuwa ndege kweli. Yale maneno ya mama hapendi nikayapuuza. Akina mama wetu si hawapendi hata ukihamisha kiti? Ndivyo nilivyowaza, mjinga mimi!

Nikamimina tina. Bluu ikalainika, nikaikwangua. Nikapiga msasa mpaka mbao ikawa laini, nikaanzia pale pale penye vidole, maana ndipo paliponikera. Praima, kisha rangi ya fedha, kisha vanishi. Iling'aa. Nikaipiga picha, nikamtumia Kapteni peke yake, nimfunge mdomo.

Akajibu: "Sasa hiyo ni ndege, fundi."

Sifa hiyo niliinywa kama chai ya bure. Leo nikiikumbuka natamani kutapika.

Elia sikumwambia kitu, nilitaka nimshangaze. Nikafunga boksi kwenye pikipiki, nikapanda kilima cha Kilimatinde mpaka kwao. Mama yake alikuwa barazani anapepeta mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Ndiyo wewe fundi wa tairi?"

"Ndiyo mimi, mama."

Akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea ndege. Hakuitazama mabawa, wala tairi. Aliigeuza juu chini kama mtu aliyezoea, akapitisha kidole gumba tumboni. Akapitisha tena. Akarudia polepole, kama anatafuta sindano kwenye kitambaa.

"Viko wapi?" akaniuliza. "Vidole viko wapi?"

Nikamwambia, tena kwa majivuno, "Nimevitoa, mama. Sasa iko safi."

Mungu wangu! Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Elia alikuwa ametoka ndani na kiti cha mgeni mkononi. Aliiona ndege, akakiweka kiti chini bila kunikaribisha. Akanichukua mpaka uani, akanieleza kwa sauti ya chini, macho yake kwenye ukuta. Alikuwa na mdogo wake wa kike, Neema. Siku baba anapaka rangi, katoto kakaidaka ndege ikiwa mbichi. Baba alicheka, akasema atarudia kesho. Kabla hajarudia, homa ikamchukua mtoto. Picha yake hakuna hata moja. Baba hakuigusa tena ile rangi mpaka anakufa, na mama huwa anaishusha kabatini, anaweka vidole vyake juu ya vile, halafu anairudisha.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Nilimfokea, fikirieni! Nimekosa mimi, namfokea yeye.

"Nilikwambia usiguse rangi. Ulitaka nikusimulie msiba wetu ndipo unisikie?"

Tuliporudi barazani mama alikuwa anaongea peke yake, Kigogo, maneno marefu, taratibu, ndege iko mapajani. Kigogo changu mimi ni cha salamu tu. Nikamuuliza Elia anasema nini.

"Hayo sikutafsirii."

Nikaomba niipake bluu upya. Nikaapa nitaitafuta bluu ile ile, nitaipaka kwa brashi, na matone nitayaweka.

"Na vidole utaweka vya nani?"

Nikapanda pikipiki. Sijui nilishukaje kile kilima.

Nilipofika gereji nikampigia Kapteni. Nilimtukana matusi ambayo gazeti hili halitayachapa. Nilimwambia yeye na rangi yake ya fedha wamevunja nyumba ya watu. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Fundi, mimi nilikuwa nachangamsha baraza tu."

Nikampigia Bhai Anwar ili anisaidie kumlaani. Alinisikiliza, akavuta pumzi.

"Kapteni alisema, kweli. Lakini bwana, msasa alishika nani?"

Nikakata simu. Nilimkasirikia na yeye, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jioni ile Elia aliandika kwenye kundi. Watu walikuwa wanaendelea na utani wao, sijui basi la nani lina mlango upande wa dereva. Aliandika mstari mmoja: "Tairi linazunguka vizuri. Asante fundi." Kisha akajitoa. Kapteni akaweka dole gumba, kana kwamba hajui lolote yule! Na mimi nilikaa nimeshika simu, mtu mzima, nalia mbele ya gari la mteja.

Sasa nyie mnaojiita mafundi, na nyie mnaoshinda mnabishana rangi za vitu ambavyo si vyenu, nisikilizeni. Ukipewa tairi, tengeneza tairi! Mwenye kitu akisema usiguse, usiguse, hata kama mkono unakuwasha, hata kama watu wanakucheka. Usijifanye unajua kasoro ya kitu ambacho hukukilea wewe.

Siku hizi mteja akileta gari nazunguka naye, naonyesha kila mkwaruzo, nauliza, "Na huu niutoe?" Wananicheka, wanasema fundi amechanganyikiwa. Juzi mama mmoja alifika kwenye kibonyeo kidogo cha mlango wa nyuma, akakigusa kwa kidole, akasema, "Hicho kiache."

Sikumuuliza kwa nini. Nimekiacha.