Gari Linalosukumika

Juzi, kwenye gereji moja hapa Mbulu mjini, nilimkuta mzee mmoja wa kijiji cha Nambis akibishana na fundi. Gari lake la kizamani, la otomatiki, lilikuwa limesuguliwa likang'aa hadi unaogopa kuliegemea. Mzee alitaka giaboksi ing'olewe, ifungwe ya klachi na gia za mkono.

"Mzee wangu, utaliharibu," fundi alisema. "Gari kama hizi watu wanazitafuta zikiwa vilevile zilivyotoka kiwandani."

Mzee aliweka kiganja juu ya boneti.

"Masika iliyopita betri ilikufa, mke wangu akiwa ndani, anaumwa. Majirani wakaacha majembe, wakasukuma mpaka mwisho wa mteremko. La klachi lingewaka kwa kusukumwa. Hili halikuwaka. Nguvu za watu zilikuwepo, fundi. Gari ndilo halikuwa na pa kuzipokea."

"Na mama?" fundi akauliza taratibu.

"Walimbeba mpaka barabara kubwa. Amepona. Lakini sitaki tena gari ambalo jirani hawezi kulisaidia."

Fundi alifungua boneti.

Mimi gari sina, ila njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza. Miaka yote najisifu kwamba simsumbui jirani, hata kiberiti siombi. Mwezi uliopita niliugua siku nne, na hakuna aliyebisha hodi. Nilikasirika sana. Sasa nimeacha kuwalaumu. Sikuwahi kuwaachia mahali pa kusukuma.