Radhi za Safari ya Ufaransa

Mume wangu hakupenda lami. Alisema lami ni ya magari na watu wenye haraka, na yeye haraka zake zote alizimaliza serikalini. Alipostaafu alinunua baiskeli mbili za matairi mapana, zile za kwendea njia za changarawe, yake na yangu, akaniambia nijifunze. Nilikuwa nimeshapita hamsini. Shangazi zangu walicheka mpaka wakashika mbavu: umri huu wenzio wameshika tasbihi, wewe umeshika usukani! Nilijifunza hivyo hivyo, Ijumaa asubuhi, kwenye wadi, bonde la mto uliokauka, nje ya Maskati, nimevaa suruali pana na kofia ngumu juu ya mtandio, nikiwalaani wote wawili, yeye na baiskeli.

Tulichokuwa tukijifunzia kilikuwa mbali. Kila mwaka, kabla joto halijatufungia ndani, tulikwenda Ufaransa, kwenye mabonde ya mito. Si Paris, Paris tuliiona dirishani tu. Tulishuka treni katika mji mdogo, tukafunga mikoba kwenye baiskeli, tukafuata njia ya changarawe kando ya mto, ile waliyopita zamani farasi wakivuta mashua za mizigo. Unaweza kwenda asubuhi nzima usikutane na mtu, ila korongo mmoja kasimama majini. Mchana vijiji vyote hufungwa, watu wanakula, na huna pa kununua hata maji. Mume wangu ndiye aliyegundua kuwa makaburi ya kule yana mfereji wa bomba na maji yake ni mazuri. Mimi nilikataa. Yeye akaingia, akawatolea salamu wenyewe waliolala, akajaza chupa, akanywa, akasema wamemkaribisha vizuri. Siku ya pili kiu ilinishinda, nikanywa.

Nayaeleza haya ili ijulikane nilichokuwa nacho. Ndoa yetu haikuwa ya hadithi. Tulikuwa tukigombana sana, na mimi ulimi wangu haujapata kulala. Ila kwenye njia zile tulikwenda sambamba, changarawe zikilia chini ya matairi, na ugomvi tulioondoka nao nyumbani ulituishia njiani.

Mwaka huu tulipanga bonde la mto Lot. Tulikuwa tumeshapata maboksi ya kutilia baiskeli kutoka bohari moja kule mtaa wa Ghala, yamesimama ukumbini kwetu Madinat Sultan Qaboos, kila mgeni akiingia anajikwaa. Ndipo mume wangu alipoanza kupungua. Kwanza chakula, halafu mwili, halafu macho yakawa manjano. Daktari alituita mimi na binti yangu pembeni, kwenye ujia wa hospitali. Alisema ni saratani ya kongosho, imeshatapakaa, na hakuna cha kukata wala cha kutibu.

Kwetu mgonjwa haambiwi. Sijui ada hii tuliitoa Unguja au tuliikuta huku Maskati, lakini naijua tangu utoto: ukimwambia mtu kuwa anakufa umemkata moyo, na uliyemkata moyo umemuua kabla ya siku yake. Binti yangu alifuta macho kwanza ndipo tukarudi chumbani. Nikamwambia mume wangu kuwa ini limechoka, atapewa dawa, apumzike.

"Na Ufaransa?" akauliza.

"Tutakwenda, inshallah. Ukipata nguvu tu."

Alinitazama kidogo, halafu akasema, "Haya." Tangu siku ile safari ikawa ndiyo mazungumzo yetu. Alilala kwenye kochi na ramani kwenye simu, akinisomea majina ya vijiji, akinionesha pale njia inapoacha mto na kupanda mlima. "Hapa utanitukana," akasema. Mimi nikaitikia, nikacheka, kisha nikaingia jikoni nikafungua mfereji, nilie nisisikike. Nilijiona hodari. Nilidhani ninambeba.

Halafu akaanza kuaga.

Kwetu anayekwenda hija hupita kwa jamaa na majirani kuwataka radhi, kwa sababu njia ina mauti na mtu hajui kama atarudi. Ufaransa tumekwenda miaka yote na hakuwahi kumtaka radhi mtu. Tulikuwa tukifunga nyumba tu na kuondoka. Safari hii alianza kwa simu: dada yake aliyeko Unguja, wenzake wa ofisini, jirani aliyehama. "Nnasafiri. Kama nimekukosea, nisamehe." Nilimsikia kutoka jikoni, kisu mkononi, na kitunguu kikanisaidia kuficha uso.

Siku moja akataka nimpeleke mtaa wa Wattaya, kwa mdogo wake mwenye duka la magari. Miaka mingi hawakuwa wakisemeshana, kwa sababu ya maneno waliyotupiana mbele za watu kwenye arusi ya binti yetu. Nilimshika mkono kutoka garini mpaka ndani, katikati ya magari mapya yaliyosuguliwa yakang'aa. Mdogo wake alipomwona alivyo, rangi ile na nguo zinavyomning'inia, alisimama asijue mikono aiweke wapi.

"Nnakwenda Ufaransa," mume wangu akasema. "Nimekuja kukutaka radhi."

"Wallahi kaka, unakwenda Ufaransa au Makka?" Alitaka kufanya mzaha, lakini sauti ilimkatika.

"Njia ni njia, mdogo wangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, dunia na akhera. Na wewe nisamehe mimi."

"Khalas, yamekwisha. Nimekusamehe."

Wakakumbatiana, na mimi nikageuza uso nikatazama barabara. Hapo nilijua kuwa anajua. Pengine alijua tangu siku ya kwanza. Alituficha kwa sababu ile ile tuliyomfichia sisi, asije akatukata moyo. Safari tuliyoishikilia ili tumdanganye, yeye aliigeuza ya kuagia watu. Nilifurahi kwa ajili yake, sisemi uongo. Na tulipokuwa tunarudi nyumbani nikaanza kungoja zamu yangu.

Haikuja. Sikuwa na jambo moja kubwa la kusamehewa. Ni ndoa tu, na maneno ya kila siku yaliyotoka bila kupimwa. Lakini nimelelewa nikiambiwa kuwa radhi ya mume ndiyo mwanamke anayokwenda nayo mbele ya Mola, na niliitaka. Niliitaka kwa mdomo wake, na yake nimpe kwa mdomo wangu, tukiangaliana. Nikianza mimi, nitakuwa nimemwambia kuwa anakufa. Basi nikangoja aanze yeye, na yeye akawaaga hata watu ambao sijapata kuwasikia.

Alasiri moja nilimkuta yu macho, ametulia, maumivu yamempa nafasi. Nikakaa chini, mgongo kwenye kochi, nikajitia mzaha.

"Watu wote umeshawaaga. Mimi je, huniagi?"

Nikageuka. Macho yake ya manjano yalikuwa yamejaa maji, na nikasema moyoni sasa atasema. Nilikuwa tayari.

"Wewe nikuage vipi, bibie?" akasema. "Si tunakwenda sote?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: hatuendi. Likanijia mpaka kwenye meno. Naamini na yeye alikuwa akilingoja, kwa jinsi alivyonitazama, na kwamba ningelisema angeshusha pumzi na kunishika mkono. Lakini nilimwona amedhoofu mno, na nikaogopa kuwa mimi ndiye nitakayemkata moyo. Nikamvutia shuka miguuni.

"Ndiyo," nikasema. "Tunakwenda sote."

Akafumba macho. Hatukulizungumza tena.

Alifariki kabla ya ule mwezi tuliopanga kuondoka. Nyumba ikajaa. Kila mwanamke aliyeingia kunipa pole aliniambia jambo lile lile ili anifariji: "Alhamdulillah, alinipigia simu, tumeachana kwa uzuri." Shemeji yangu wa Wattaya alilia mlangoni akisema Mungu amempenda, amemwahi ndugu yake. Niliwaitikia wote na nikawaonea wivu wote. Wivu ule haujanitoka, na sioni njia ya kuutoa. Watu aliokutana nao mara moja kwa mwaka wana radhi yake, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sina.

Kabla hawajamtoa, shangazi yangu mkubwa alinishika bega akaniingiza chumbani. Mume wangu alikuwa ameshakafiniwa, uso tu umeachwa wazi. Shangazi akasema kama anavyoambiwa kila mjane:

"Mwenzio anaondoka. Umemsamehe?"

"Nimemsamehe, dunia na akhera."

"Alhamdulillah," akasema, akanyoosha mkono amfunike.

Nikamwambia angoje. Akangoja, akidhani nataka kumtazama mara ya mwisho. Niliinama mpaka karibu na sikio lake, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mtu:

"Na mimi nisamehe."

Shangazi alinipa nafasi kidogo, kisha akanivuta nyuma taratibu. Wanaume walikuwa mlangoni, wanangoja kumchukua.