Alitaja Alama ya Mgongoni, Akapewa Mtoto wa Mdogo Wangu

Admin, nifichie jina na kijiji changu, maana Rusizi ni ndogo na watu wa hapa wana masikio marefu. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nane, mama wa watoto wanne. Nilizaliwa Bukavu, Kongo, kwa wazazi wakimbizi, nikarudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Mdogo wangu alibaki kule na mumewe. Vita vya Kongo vilipoanza, wote wawili waliuawa njiani wakikimbia, na binti yao wa miaka mitatu akapotea.

Hiyo ndiyo sababu nilijitolea kwenye kituo kimoja cha huduma za familia hapa kwetu. Hatukulipwa. Tulibeba ubao wenye picha za watoto waliopotezana na watu wao, tukaupeleka sokoni na makanisani, leo Nyakabuye, kesho kwa mtumbwi hadi Nkombo. Kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: alama ya mwilini ya mtoto haitajwi mbele ya watu. Anayedai mtoto ni wake aitaje mwenyewe. Ndivyo tulivyowakamata waongo, na walikuwa wengi.

Mwenzangu wa kubeba ubao nitamwita Maman Devota. Naye alitoka Bukavu, na watoto wake wote watatu walimfia vitani, pamoja na dada yake. Tulikula sahani moja. Siku moja tukiwa kwenye mtumbwi nilizidiwa na kilio, nikamwambia kila kitu: kwamba mtoto wa mdogo wangu ana chale tano mgongoni, chini ya bega la kushoto, tatu juu na mbili chini. Mama yetu ndiye aliyemchanja kwa ajili ya dawa ya kifua, nami nilikuwa nimempakata, akiwa bado mchanga; tangu nirudi Rwanda sikumwona tena. Mimi niliyewakemea wanawake sokoni wafunge midomo, wangu niliufungua! Na kwa kuwa pale kituoni mtu hakuruhusiwa kujiandikia fomu ya kumtafuta mtoto wake, Maman Devota ndiye aliyeniandikia.

Miezi michache baadaye nilikuwa kitandani na malaria, habari zikaja kwamba Bukavu kuna watoto wasio na watu. Alivuka yeye. Alirudi amemshika mkono msichana wa miaka kama mitano, asiyesema neno, hata jina lake. Akasema ni mtoto wa marehemu dada yake. Jamani, nilicheza! Nilikata kitenge changu kipya nikamshonea mtoto gauni. Baada ya hapo Maman Devota aliacha kazi ya kujitolea, akahamia Gitambi. Nikamtetea kwa watu kwamba anataka kulea kwa utulivu. Mimi niliendelea kubeba ubao miaka minne, nikitafuta.

Mtoto huyo, nitamwita Aline, amekua akiniita Tantine, yaani shangazi. Wiki hii amejifungua mtoto wa kike, mjini anapoishi na mumewe. Maman Devota anaumwa miguu, hivyo mimi ndiye niliyeenda kumkanda mzazi kwa maji moto. Alipovua nguo ya juu nikaziona. Tatu juu, mbili chini. Nikamuuliza ni nini hizi.

"Ah Tantine, hizo? Maman anasemaka ni koko ndiye alinichanjaka nikiwa mudogo."

Koko, yaani bibi yake. Nilimaliza kumkanda. Sijui niliwezaje. Kesho yake nilipanda Gitambi, nikamkuta Maman Devota amekaa mlangoni anachambua maharage. Sikumsalimia. Nilimuuliza fomu yangu aliipeleka wapi.

Hakuinua hata macho. "Niliichoma," akasema.

"Kwa nini?"

"Weye ulikuwa na batoto bane mu nyumba. Miye nilikuwaka narudia kwangu, hakuna hata muntu wa kuniita maman. Siku ile bananiuliza alama ya ule mutoto, kinywa ikajisemea yenyewe."

"Na miaka hii yote ulikuwa unaniona nikilia?"

"Nilikuwaka nakuombea."

Kuniombea! Nilitaka kulimwaga lile karai la maharage kichwani mwake. Akaanza kulia, akasema, "Usimuambie. Ataniacha, na sina mwingine." Nikageuka, nikashuka mpaka barabarani.

Ndugu zangu, nimesalitiwa na mtu niliyempa siri ambayo sikumpa hata mume wangu. Lakini siwezi kumsingizia: amemlea Aline vizuri, amemsomesha kwa kulima mashamba ya watu, hajawahi kumnyanyasa. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana ningekuta amemtesa ningejua la kufanya.

Jumapili ni sherehe ya kumpa mtoto jina. Aline ameniambia kwa furaha kwamba binti yake ataitwa jina la mama yake mzazi, na jina alilolitaja ni la dada ya Maman Devota, mwanamke ambaye hakumzaa. Jina la mdogo wangu hajawahi hata kulisikia. Nikisema, ninamvuruga mwanamke aliyetoka uzazini juzi na kumvunjia mama pekee anayemjua. Nikinyamaza, mdogo wangu anafutwa duniani nami nimekaa pale napiga vigelegele.

Nishaurini, nifanye nini? Na hasa ninyi mliolelewa na watu wasiowazaa, niambieni ukweli bila kunionea haya: mngetaka kuambiwa?